Kofia Iliyokunywa Kiapo

Mrauk-U, Arakan, 8 Novemba 1627

Dada yangu Briolanja,

Ukiona mwandiko huu ujue mdogo wako yu hai, na si hai tu, ananenepa. Bega lililopigwa mshale mwaka jana limepona, ila mvua ikikaribia linaniuma kidogo. Mpishi wangu bado anatia samaki wake wa kuvundika kwenye kila chakula, hata kwenye mayai, nami nimechoka kugombana naye. Nisalimie majirani wote wa São Tomé, huko ng'ambo ya bahari ya Bengala, waliosema sitafika miaka thelathini. Waambie nina thelathini na tisa na meno yangu yote. Mwanangu Guiomar mbusu, umwambie baba yake hajamsahau.

Sasa kaa vizuri usikie mambo. Baada ya mvua wale jamaa wa Bengala walikuja na mashua zao mpaka mlangoni mwa mto, wakitaka kuichukua ngome ya Mfalme. Majemadari wa hapa walitaka kuwangoja ndani ya ukuta. Nikasema hapana. Nikakata mianzi, nikaunda machelezo, nikapandisha mizinga juu yake na kuyaficha ndani ya mikoko. Maji yalipokupwa, mashua za Bengala zikakwama kwenye tope, na sisi tukazipiga moja moja bila haraka. Nimewatumikia wafalme watatu katika Asia hii, Dada, na sijawahi kufyatua mizinga kwa raha kama siku ile.

Mfalme amenipa mwavuli mwekundu na mtu wa kuubeba. Hebu fikiri. Mimi Rui, niliyekuwa nakimbia juani Cochin bila viatu, leo nikitoka kwenda kumwona fundi wa baruti mtu ananifuata na kivuli changu. Na ngome ile ya mlangoni nimeahidiwa mimi, niwe mkuu wake. Bado kidogo tu.

Nikuchekeshe. Hapa kila nahodha wa kigeni hunywa maji ya kiapo, mwanzo wa mvua na mwisho wake. Makuhani wanachovya panga, mikuki na bunduki ndani ya chombo cha maji, wanasoma maneno marefu, kisha kila mmoja anapewa kikombe. Ukinywa halafu ukamsaliti Mfalme, eti silaha zile zitakugeukia tumboni. Ilipofika zamu yangu nilijaza maji mdomoni, nikavua kofia kama muungwana, nikainama chini kabisa, nikayatema yote ndani ya kofia. Rafiki yangu Antão alikuwa pembeni, akaninong'oneza: "Rui, umekunywa?" Nikamwambia: "Kofia imekunywa." Ilibidi ajifanye anakohoa.

Jambo la mwisho ni dogo. Nataka Guiomar aje. Amekuwa msichana mkubwa, na hapa ataishi kwa heshima, katika nyumba kubwa, na wanawake wa kumhudumia. Mpandishe meli ya Pero Valadares, ni mtu mzima na mke wake husafiri naye. Usikawie.

Mdogo wako anayekupenda,
Rui Cordovil


São Tomé, 3 Februari 1628

Rui mdogo wangu,

Barua yako ilifika baada ya Noeli, imelowa pembeni lakini inasomeka, kwa sababu herufi zako ni kubwa kama majisifu yako. Nimefurahi mno kujua u mzima. Nililia kidogo, kisha nikasoma habari ya mwavuli nikacheka mpaka wachoraji wangu wa vitambaa wakaacha kazi kunitazama.

Sisi hatujambo. Paa la jikoni limevuja tena. Biashara ya vitambaa inakwenda vizuri, kule Melaka wanavitaka vyekundu vyenye ndege, hawachoki na ndege. Guiomar amenipita kimo. Anabishana na wachoraji kuhusu rangi, na kibaya zaidi ni kwamba mara nyingi yeye ndiye anayepatia. Juzi nilimwambia: "Mwanangu, mwanamke anayebishana hivyo ataolewa na nani?" Akanijibu: "Shangazi, na wewe uliolewa na nani?" Jirani yetu Mama Violante, yule mjane aliyerudi kutoka huko kwenu Arakan mwaka juzi, anakusalimu.

Sasa tuje kwenye wafalme wako watatu. Yule wa Kamboja ulimwacha siku aliyokuhitaji. Yule wa Siam unasema alikudhulumu, lakini aliyeondoka na farasi wa mwenzake ni wewe. Huyu wa tatu amekupa mwavuli, nawe umempa mate ndani ya kofia. Nimecheka, sikatai. Halafu nikakumbuka ulipokuwa na homa, ukiwa na miaka sita. Nilikuletea dawa chungu, ukaishika mdomoni, ukanitazama usoni kwa macho ya malaika, ukaenda kuitema ndani ya kiatu cha baba. Mimi ndiye niliyepigwa kwa sababu ya kiatu kile. Kwa hiyo nauliza tu, kama dada: mtu anayenuia kutimiza kiapo, maji yana ubaya gani?

Guiomar hawezi kusafiri sasa. Ana homa. Tutaona hali itakavyokuwa.

Dada yako,
Briolanja


Mrauk-U, 5 Machi 1628

Dada Briolanja,

Salamu nyingi. Poleni na homa na paa pia. Nakuletea mizizi ya dawa ya hapa, chemsha mmoja asubuhi, anywe ikiwa moto, na umwangalie asiiteme kwenye kiatu cha mtu. Umeona, hata mimi najua kucheka.

Kuhusu maji yale, umeyashikia bango bure. Nilimuuliza padri wetu, akasema kiapo cha sanamu hakimfungi Mkristo. Mungu hahesabu maji ya makafiri. Basi yaishe hayo.

Guiomar akipata nafuu mpandishe meli, na afike kabla mvua hazijaanza. Safari hii nakuomba kwa dhati. Waziri Nga Zin, ambaye ndiye mwenye funguo za kila jambo katika jumba la Mfalme, ananiuliza habari zake kila tunapoonana. Juzi tu alinisimamisha ngazini.

"Binti yako yuko wapi?"

"Yuko njiani, mheshimiwa."

"Mwaka jana pia alikuwa njiani. Njia gani hiyo isiyofika?"

"Ya baharini. Bahari haina haraka."

"Na ngome pia haina haraka," akasema, akaenda zake.

Ni mtu wa maneno makavu, lakini si mbaya. Chumba cha Guiomar kimekwisha kutengwa, ndani ya ua wa wanawake wa jumba, kina dirisha la kuelekea bustani. Hao wanawake wanakula vizuri kuliko mimi. Nikipewa ngome, Dada, nimefika. Sitamwinamia mtu tena. Utakuja kunitembelea, nitakufyatulia mizinga ya salamu mpaka masikio yazibe.

Mambo mengine siandiki. Mwaka huu ni wangu, hilo lijue na utulie.

Rui


São Tomé, 10 Aprili 1628

Rui,

Nakusalimu, na nyumba yote inakusalimu. Paa limezibwa. Barua hii nimempa Padri Gil, ameishona ndani ya joho lake, na chombo chake ni chepesi, kitawatangulia wengine. Isome peke yako.

Guiomar hana homa na hakuwa nayo. Nilikudanganya ili nipate muda. Muda wenyewe nimeutumia vizuri, maana nilichukua barua yako ya pili nikaenda nayo kwa Mama Violante. Nikamsomea yale ya chumba chenye dirisha la bustani. Alikuwa anamenya vitunguu saumu, akaweka kisu chini.

"Ua wa wanawake? Chumba kile cha kona? Mimi nimelala humo miaka sita."

"Ulikuwa mgeni wao?"

"Mgeni!" Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. "Nilikuwa rehani, Briolanja. Mfalme hampi mgeni ngome mpaka ashike mtu wa damu yake. Walimpa mume wangu mizinga, mimi nikaingia ndani. Chakula kizuri, ni kweli. Nguo nzuri. Mlango mmoja tu."

"Na mume akivunja kiapo?"

"Karibu yangu alikaa mke wa Mreno mmoja. Kijana tu, anapenda kuimba. Mumewe akakimbilia Bengala na mashua ya Mfalme. Kesho yake chumba kile kilikuwa kitupu, na hakuna aliyeuliza. Tulikunywa chai kama kawaida."

Ulijua hayo, Rui. Umeishi huko miaka minne, huwezi kusema hukujua. Umeandika habari za wanawake wa kumhudumia na dirisha la bustani, neno rehani hukuliandika hata mara moja.

Hata hapo ningeweza kukuelewa. Mtu mwaminifu anaweza kumweka mwanawe rehani na wote wakalala usingizi, kwa sababu hakuna kitakachovunjika. Lakini Jumapili iliyopita nilialikwa chakula nyumbani kwa yule mwenye kiwanda cha kamba, na nani alikuwa mezani? Lopo Sardinha. Yule yule mliyeiba naye meli ya pilipili mkiwa vijana. Ana meli tatu hapa bandarini, anazipaka lami na kukusanya watu wasio na kazi. Alikuwa amelewa. Akainua kikombe akasema: "Kwa afya ya ndugu yako, senhora! Mvua zikianza atanifungulia lango la ngome, na sisi wawili tutakuwa wafalme wa mto!" Wenzake wakamkanyaga mguu chini ya meza. Nikatabasamu, nikamwomba anipitishie chumvi.

Hivyo sasa najua kwa nini kofia ilikunywa na wewe hukunywa. Na najua kwa nini Guiomar afike kabla ya mvua. Wewe unataka upewe ngome kwa shingo ya mwanao, kisha umuuzie Sardinha ngome hiyo, huku mtoto yuko ndani ya mlango mmoja.

Unasema Mungu hahesabu maji ya makafiri. Labda. Mimi nahesabu. Nina hasira na wewe ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu yeyote, hata marehemu mume wangu alipouza kitanda chetu.

Mfalme anataka mtu wa damu yako. Atampata. Meli ya Pero Valadares inapakia vitambaa vyangu, itaondoka Pasaka ikipita, na mtu wa damu yako atakuwa ndani yake.

Briolanja


Mrauk-U, 6 Mei 1628

Dada,

Usimlete. Usimpandishe meli. Kama ameshapanda mshushe, kama meli imeng'oa nanga tuma mtumbwi umfuate. Sina nafasi ya salamu.

Padri Gil amenipa barua yako jana na nimeisoma mpaka nimeijua kwa moyo. Nilidhani utakataa, nawe umekubali, na kukubali kwako kumenitisha kuliko matusi yote. Nikiisoma mwishoni nasikia sauti yako ile ya kunipeleka kwa baba.

Ni kweli yote. Nimempa Sardinha neno langu. Siku ya kiapo wakubwa wote huwa mjini, ngome hubaki na watu wachache, nami ningemfungulia. Lakini usinifikirie mnyama. Nilikuwa na mpango. Usiku wa kuamkia siku hiyo, mashua ingekuja chini ya ukuta wa bustani, mwanamke mmoja wa jikoni angemtoa Guiomar, na sisi sote tungekuwa mtoni kabla Nga Zin hajaoga. Nilikuwa na hakika. Nimewahi kufanya magumu zaidi ya hayo.

Kisha ukaniandikia habari ya yule mke aliyependa kuimba. Nilimjua. Nilimjua na mume wake pia. Yeye naye alikuwa na mpango, alinieleza mwenyewe, na mashua yake ilikuwa nzuri kuliko yangu.

Mwache Guiomar huko huko. Nitamzungusha waziri, nitasema amekufa kwa homa, nitasema lolote. Ngome nitaipata kwa njia nyingine. Sardinha atangoja. Mimi sijawahi kushindwa kutoka mahali.

Chombo pekee kinachokwenda huko sasa ni cha Simão Barbudo, naye analalamika kwamba upepo umemgeukia. Nimemwambia nitamvunja miguu asipoondoka.

Rui


Mrauk-U, ndani ya ua wa wanawake, 29 Mei 1628

Rui mdogo wangu,

Nakusalimu kutoka karibu kuliko ulivyozoea. Mimi sijambo, ila nimekonda kwa kutapika baharini. Vitambaa vimefika vikavu. Barua yako ilinikuta gatini. Simão Barbudo alikuwa bado amefunga kamba, anangoja upepo, akaniona nashuka akaja mbio na bahasha mkononi: "Senhora Briolanja, nilikuwa nakuletea hii São Tomé! Umenipunguzia safari!" Nikaisoma nimesimama pale pale, mvua ya kwanza ikininyeshea.

Pero Valadares akasoma uso wangu. "Kuna msiba?"

"Hapana. Ndugu yangu anasema tusije."

"Basi turudi. Nikitoa vitambaa tu, tunageuza. Hakuna aliyekuona."

Nataka ujue kwamba nilifikiri. Sikukimbilia. Nilisimama na mwavuli wangu, ambao hauna mtu wa kuubeba, nikafikiri jinsi ulivyoandika. Uliandika usimlete. Uliandika Sardinha atangoja. Hukuandika popote kwamba utaacha. Nikamwambia Valadares anishushie sanduku.

Guiomar yuko nyumbani São Tomé, na funguo zote ziko kiunoni mwake. Mama Violante amehamia chumba changu. Nilipomwambia mtoto ninakwenda wapi na kwa nini, akasema: "Shangazi, yeye ni baba yangu. Mimi ndiye wa kwenda." Nikamwambia: "Wewe ni binti yake, hujamlea. Mimi nimemlea, na kama kazi imeharibika, fundi ni mimi." Akalia, nami nikalia, kisha akaniuliza bei ya rangi nyekundu.

Nga Zin wako alinipokea langoni. Ana macho ya mtu anayelala kidogo. Mkalimani alikuwa Antão, na jasho lilikuwa linamtoka kama anabeba mzinga.

"Huyu si binti," akasema waziri.

"Binti haji. Nimekuja mimi, dada yake. Baba mmoja, mama mmoja, mimi mkubwa."

"Niliomba mtoto. Mtu humhurumia mtoto wake."

"Mheshimiwa, huyu mtoto alimwacha akiwa na miaka mitatu, hawajaonana tena. Rui mwenyewe nilimwosha mimi, nikamfundisha kusoma, nikapigwa kwa makosa yake. Ukimshika binti, umeshika mtu asiyemjua. Ukinishika mimi, umeshika utoto wake wote."

Antão alisita. Nikamwambia tafsiri kama nilivyosema, usipunguze. Waziri akasikiliza, akauliza: "Na ndugu yako ni mwaminifu?"

Rui, ningeweza kusema lolote hapo. Nikasema: "Ninyi mtaona, na mimi nitaona." Akacheka, Antão anasema hajawahi kumwona akicheka, na mlango ukafunguliwa.

Ningependa kukuambia kwamba siogopi. Mlango ulipofungwa nyuma yangu niliogopa sana. Nilikaa kitandani nikashika sanduku langu kwa mikono miwili kama mtu anayeibiwa. Kisha mzee mmoja wa jumba, mjane wa marehemu mfalme, akataka kuona vitambaa, akachagua vya ndege. Nao wanapenda ndege. Sasa wananifundisha kula samaki wako wa kuvundika, na ukweli ni kwamba si mbaya, wewe huna subira tu.

Wiki ijayo ni kiapo. Wameniambia wanawake wa ua hukaa nyuma ya pazia, mahali panapoonyesha kila anayekunywa. Nimeomba kukaa mbele. Wengine watatazama kikombe. Mimi nitatazama koo lako.

Sikuombi kitu. Nakuambia tu nilipo.

Dada yako,
Briolanja


Ngome ya mlangoni, 12 Juni 1628

Dada yangu Briolanja,

Nakusalimu, na nakutukana, kwa pamoja. Barua yako Antão aliniletea nikiwa mezani. Niliinuka nikapindua sahani. Nikakuita majina ambayo mama yetu angenikatia ulimi, nikakimbia mpaka lango la ua. Askari wakapishanisha mikuki mbele yangu. Nikasimama hapo, nahodha mzima mwenye mwavuli mwekundu, nalia kama mtoto mbele ya watu. Yule mbeba mwavuli hakujua afanye nini, akanisogezea kivuli.

Nilikaa siku hizo nikitafuta njia ya kukutoa. Nilitafuta kweli. Mashua, mwanamke wa jikoni, ukuta wa bustani. Kila nilipofika kwenye ukuta nilikuona wewe juu yake, na sketi zako, unakataa kuruka. Unajua na mimi najua: usingekuja. Ungekaa kitandani na sanduku lako ukawaambia waniite mimi nije nieleze.

Sherehe uliiona, lakini kuna yaliyotokea pembeni yasiyoonekana kutoka kwenye pazia, na nataka uyasikie kwangu. Siku mbili kabla nilimtumia Sardinha neno kwamba lango halifunguki. Hakuamini. Nilipokuwa nasimama kwenye mstari wa manahodha, habari ilikwisha fika kwamba meli zake tatu zimeonekana mlangoni. Antão akaninong'oneza sikioni: "Rui, amekuja. Ukitaka, bado nafasi ipo."

Nikamwambia: "Niache ninywe kwanza."

Kikombe kikaja. Nilitafuta pazia kwa macho, sikukuona, niliona vivuli tu, lakini nilijua unanitazama kooni. Yale maji yana ladha ya chuma, Dada, na kidogo ya kutu na maua. Niliyameza yote. Nikavua kofia, nikainama mpaka chini, na kwa mara ya kwanza tangu niingie Asia niliinama bila kuficha kitu. Antão alitazama kofia, kisha akanitazama mimi, na macho yake yakalowa, yule mlevi.

Nikatoka hapo moja kwa moja mpaka ngomeni, ambako mizinga ilikwisha wekwa chini yangu tangu uingie uani, kwa mashua ya wapiga makasia arobaini. Sardinha alikuwa amekaribia mpaka nikamwona ndevu.

"Rui!" akapiga kelele. "Fungua! Umelala?"

"Nimeamka!" nikamjibu. "Geuza meli!"

"Ulinipa neno lako!"

"Nimempa mwingine!"

"Nani, huyo kafiri?"

"Dada yangu!"

Akacheka, akadhani natania, akasogea. Nikapiga mzinga mmoja mbele ya meli yake, maji yakamrukia mpaka usoni. Nikapiga wa pili karibu zaidi. Kabla ya wa tatu alikuwa anageuza, na matusi yake niliyasikia mpaka alipopita kisiwa. Hatutakunywa pamoja tena, mimi na Lopo. Imeniuma, sikufichi. Tulikuwa vijana pamoja.

Jana Nga Zin ameniletea funguo za ngome mwenyewe. Nikamuuliza, sasa dada yangu atatoka lini? Akasema: "Siku utakapoacha utumishi wa Mfalme na kuondoka kwa amani." Nikamuuliza, na kama nikiwa mwaminifu mwaka mzima? "Atatoka siku hiyo hiyo ya kuondoka kwako." Na kama nikiwa mwaminifu miaka kumi? Akanitazama kama ninamuuliza jua litatoka wapi.

Basi nitatumikia mpaka mwisho wa mvua, nitakunywa kikombe cha pili mbele yako, nitakabidhi ngome hii kwa mkono wangu nikiwa na heshima zote, kisha tutapanda meli ya Valadares mchana kweupe, kwa lango la mbele, na mtu atatubebea mwavuli. Sijawahi kuondoka kwa mfalme hivyo. Nataka kuona inakuwaje. Guiomar atanitukana nikifika, najua, na nitakaa chini nimsikilize.

Lakini nakujua. Utasema kutoka kwenye pazia huoni vizuri, na kwamba nilikuwa na macho ya malaika hata siku ya kiatu cha baba. Kwa hiyo Antão anakuletea kofia yangu. Ni ile ile, yenye doa la mwaka jana pembeni, na hutaona doa jipya. Tia mkono ndani, pitisha vidole kwenye mshono wote.

Ni kavu, Dada.

Rui